Sura ya Nne: Maji Hupiga Hodi

Mvua inayobomoa nyumba za Garsen hainyeshi Garsen. Siku maji yanapoanza safari yake, Garsen huenda ikawa kavu kabisa, vumbi la soko limetanda kwenye meza za wachuuzi, na juu hakuna hata wingu. Mvua yenyewe inanyesha mbali, kwenye miteremko ya Mlima Kenya na Nyandarua. Mto Tana unaikusanya, unaishusha hadi Garissa, unaipitisha Bura na Hola, na siku moja mwenye shamba la migomba anatoka alfajiri na jembe begani, anakuta maji yamesimama kati ya mashina, kimya, rangi ya chai ya maziwa.

Zipo hatari zinazomjia mtu bila salamu: radi, tetemeko la ardhi, nyoka kwenye majani. Mafuriko ya Tana hayamo katika kundi hilo. Haya hupiga hodi siku kadhaa kabla ya kuingia, na ndani ya siku hizo mna kila kitu: uhai wa watoto, mbuzi, mbegu za msimu ujao, cheti cha kuzaliwa. Sehemu kubwa ya hasara yetu katika Kaunti ya Tana River hutokana na jinsi tunavyozitumia siku hizo. Ndiyo maana sura hii haitaanza na tochi wala kamba. Itaanza na mto.

Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, takriban kilomita 1,000 kutoka chanzo hadi Kipini unapoingia Bahari ya Hindi. Kaunti iliyopewa jina lake ina zaidi ya kilomita za mraba 38,000, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 315,943 tu. Mtu akitazama ramani akiwa Nairobi huuliza: nafasi yote hiyo, kwa nini watu wang'ang'anie ukingoni? Anayeuliza hivyo hajakaa huku wakati wa kiangazi. Ukiupa mto mgongo, mwendo mfupi tu unaingia nyika kavu isiyoota hata mchicha. Wapokomo wamelima kingo hizi vizazi kwa vizazi, mpunga, mahindi, ndizi na maembe. Waorma na Wawardei hushusha mifugo yao mtoni malisho yanapokauka. Na kinachoirutubisha ardhi hiyo ni yale yale mafuriko, kwa udongo mweusi yanaouacha nyuma. Mkulima wa huku haombi mto usifurike. Anaomba ufurike kwa kiasi, na kwa majira yake.

Majira hayo zamani yalikuwa mawili, ya masika na ya vuli, na watu waliyajua kama wanavyojua miezi. Kisha yakaja mabwawa. Yapo matano yaliyopangana juu ya mto: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga, lililokamilika 1981, ndilo ghala kuu. Linabeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 1.5. Mvua ikianza baada ya ukame, maji mengi huishia humo na huku chini hatuoni kitu. Lakini Masinga ikifika kimo chake cha mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari, imejaa, na bwawa lililojaa haliwezi kuzuia tena. Kinachoingia juu kinatokea chini. Ndivyo ilivyokuwa Aprili na Mei 2024.

Kila mara hilo likitokea, vijijini husikika neno moja: "Wamefungulia maji." Naielewa hasira iliyo ndani ya neno hilo, maana aliyepoteza ekari mbili za mahindi anataka kumjua aliyemkosea. Lakini neno hilo lina hatari yake. Linamfanya mtu aamini kwamba kuna bomba mahali fulani, na kwamba mwenye bomba akipigiwa kelele ataufunga mto. Mbali na maji yanayofurika mabwawani, chini ya Kiambere kuna mito mingine, Mutonga, Kathita na Ura, inayomwaga maji ya Mlima Kenya na vilima vya Nyambene moja kwa moja ndani ya Tana, na hakuna bwawa linaloyapokea. Kwa hiyo hata Masinga ikiwa na nafasi, mto unaweza kuja.

Jambo ambalo mabwawa yameliharibu kwa kweli ni kumbukumbu. Mafuriko madogo ya kila mwaka yalikuwa mwalimu. Yalimwonyesha kijana maji yanafika wapi, na nyumba ilijengwa juu ya mstari huo. Miaka ya ukimya ilipozidi, nyumba ziliteremka pole pole kuufuata mto: duka hapa, kibanda cha mashine ya maji pale, kisha choo, kisha darasa. Wazee waliokumbuka mafuriko ya 1961, yale yanayoitwa ya uhuru, walionekana wanasimulia ngano. El Nino ya 1997 ikawakumbusha watu, wakasahau tena. Lakini mtoto aliyezaliwa 2013 ameshaona mto ukihamisha watu 2018, 2023 na 2024, naye bado yuko shule. Mwaka 2023 El Nino ilikutana na joto la Bahari ya Hindi upande wetu, baada ya misimu mitano mfululizo ya mvua kukosekana. Watu waliokuwa wakichimba makaburi ya ng'ombe waliokufa kwa kiu walijikuta, ndani ya mwaka mmoja, wakibeba watoto mabegani ndani ya maji.

Sasa tuje kwenye siku zenyewe za hodi. Kwa nini watu hawaondoki? Nimewasikia watu wa ofisini wakisema wanakijiji ni wakaidi, na kila nikisikia hivyo naumia, kwa sababu sababu za watu ni za akili kabisa. Mahindi yamebakiza wiki mbili. Mbuzi hawana pa kulala kule juu. Nyumba ikiachwa tupu, mabati yatang'olewa. Mara iliyopita tuliambiwa tuhame, tukahama, maji hayakuja, na tuliporudi nyani walikuwa wamemaliza shamba. Kule kambini hakuna choo, na mama mwenye binti wa miaka kumi na minne anajua hatari ya kumlaza kwenye hema lisilo na mlango. Maandalizi yasiyojibu mambo haya ni karatasi tu.

Miaka kadhaa iliyopita niliingia nyumba moja ya Tana Delta, maji yakiwa yameshuka siku chache tu. Ukutani palikuwa na mstari wa matope, umenyooka kama uliopigwa kwa kamba ya fundi, usawa wa kifua changu. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, alinionyesha alivyoviokoa: godoro, sufuria tatu, cherehani, redio. Kisha akatoa kopo la majani ya chai lililokaa chini ya kitanda siku zote za mafuriko. Ndani mlikuwa na uji wa kijivu. Ule uji ulikuwa cheti cha kifo cha mumewe, kitambulisho chake yeye, na karatasi za shamba. Nikamuuliza, "Mama, haya hukuyakumbuka?" Akanijibu, "Mwanangu, godoro lilikuwa linaonekana. Karatasi hazionekani." Alitembea ofisi hadi ofisi kwa miezi kutafuta nakala, na kila ofisi ilimtaka kwanza kitambulisho, kile kile kilichokuwa uji.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia aanze na karatasi. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, vya kifo na vya ndoa, kadi za kliniki za watoto, vyeti vya shule, karatasi za ardhi, daftari la chama. Vitie kwenye mfuko wa nailoni, ukunje, utie kwenye mfuko wa pili, kisha uweke ndani ya ndoo ndogo yenye kifuniko kinachobana. Ndoo iwekwe mahali pamoja tu, pajulikane na kila anayejua kutembea nyumbani humo. Vipige picha kwa simu na umtumie ndugu anayeishi mji mwingine. Kazi hii yote haimalizi hata jioni moja, na gharama yake ni bei ya ndoo.

Pili ni mbegu. Familia iliyookoa mbegu hupanda maji yanaposhuka, wakati udongo una rutuba kuliko wakati wowote. Iliyozipoteza hungoja msaada, nao huja msimu ukiwa umepita. Mtungi wa plastiki wa lita 20 ulio mkavu kabisa, mbegu ikachanganywa na majivu, kifuniko kikafungwa na kuzungushiwa mpira, hauingiwi na maji. Mitungi mingine mitupu usiitupe. Mtungi mtupu uliofungwa vizuri unaweza kumshikilia mtu juu ya maji, ingawa haushindi jaketi la kuokolea.

Chakula cha siku tatu nne kiwe kisichotaka moto mwingi. Maharagwe ni chakula kizuri, lakini yanakula kuni, na wakati wa mafuriko kuni zote zimelowa. Tende, njugu za kukaanga, sukari, mchele na unga kidogo vitakusaidia zaidi. Kiberiti kikae ndani ya chupa yenye kifuniko. Makaa yafungwe kwenye nailoni. Simu ya mulika mwizi, ile inayokaa na chaji siku nne, ina thamani kuliko simu kubwa ya kioo. Na mwenye kumeza dawa kila siku, za presha, za sukari, za virusi, ahakikishe mvua za juu zikianza hana chini ya wiki mbili za dawa mkononi, kwa sababu barabara ikikatika kati ya Gamba na Lango la Simba, zahanati nayo haipati kitu.

Mifugo ndiyo iondoke kwanza, mchana, kwa miguu, wakati njia bado kavu. Mwenye mbuzi ishirini anaweza kuuza watano mapema, pesa akaziweka kwenye simu. Akingoja hadi maji yaonekane, kila mtu atakuwa anauza siku hiyo hiyo, na mnunuzi atajipangia bei.

Lakini vyote hivyo havina maana kama hatujui saa ya kuondoka, na hapa ndipo nyumba nyingi hukwama. Watu hukaa wakitazama mto, na mto unapanda polepole kiasi kwamba hakuna dakika ambayo mtu anasema, sasa. Dawa yake ni kukata shauri kabla. Familia ikubaliane wakati wa kiangazi, akili ikiwa imetulia: tukisikia Masinga imefurika, tunafunga mizigo na mbuzi wanaondoka, tukipigiwa simu kwamba Garissa maji yameingia mitaani, wazee, wajawazito na watoto wanaondoka, maji yakigusa ule mwembe, habaki mtu. Kila nyumba ina mwembe wake. Taarifa za mabwawa hutolewa na KenGen, kampuni ya umeme inayoyaendesha, za mvua na Idara ya Hali ya Hewa, na redio husoma zote mbili. Ila kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni ndugu aliye Garissa au Hola mwenye simu na salio. Mtafute huyo leo. Na wewe mwenyewe chomeka mti wenye alama ukingoni, uutazame jioni na alfajiri. Ukiona siafu wanahamisha mayai na mamba wameanza kuonekana kwenye mifereji ya mashamba, usingoje redio.

Kuhusu wezi wa mabati, shauri la kumwacha kijana mmoja juu ya dari kila nyumba limeshawaponza wengi. Afadhali nyumba kumi zikubaliane, vijana wawili wawili walinde kwa zamu kwa mtumbwi, na usiku wote walale nchi kavu.

Kuna jambo ambalo limeua watu wazima wenye nguvu zao, nalo ni kuvuka. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na mbele ya mto unaokwenda sisi ndio chungu. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 60 zinabeba gari. Aprili 2024, basi liliingia barabara iliyofunikwa na maji katika kaunti hii na likasombwa. Abiria 51 waliokolewa. Mwezi huo huo, tarehe 28, boti iliyojaa watu ilipinduka Kona Punda, upande wa Madogo na Garissa, na watu walikufa. Waliokuwa botini hawakuwa wazembe. Barabara ilikuwa imekatika, walikuwa na safari, na chombo kilikuwa hicho kimoja. Lakini nakuomba, msomaji: chombo kikijaa kupita kiasi, ngoja cha pili, hata kama cha pili ni kesho. Na ukikwama juu ya mti au paa, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Iandike ukutani, juu ya mstari wa matope.

Maji yakishuka watu hupumua, na hapo kipindupindu huanza. Vyoo vya shimo vimefurika, visima vimeingiwa, na mto una kila kitu ndani yake. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, hata yakionekana meupe. Mtoto akiharisha, lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko viwe sawasawa bila kufura, anyweshwe kidogo kidogo mkiwa njiani kwenda hospitali. Chandarua kiwe kwenye mzigo wa kwanza. Na mnyama akifa au akitupa mimba baada ya mafuriko, msimchinje wala kugusa damu yake. Homa ya Bonde la Ufa ilizuka baada ya mvua za 1997 na tena mwishoni mwa 2006, na iliwafikia watu wengi kupitia machinjo na nyama. Nyumba ya udongo nayo usiilalie haraka. Ukuta uliolowa husimama ndani ya maji, kisha huanguka maji yakiondoka.

Walio chini kabisa, Ozi na Kipini, wana hodi mbili za kusikiliza. Wakati wa bamvua bahari hupanda zaidi ya mita tatu, na mto uliofurika ukikutana nayo hauna pa kwenda. Hulala juu ya mashamba. Kwa hiyo mtu wa Kipini atazame mwezi pamoja na mto. Wakulima wa Ozi wanajua pia uadui wa kinyume, mto unapokosa nguvu na chumvi ikapanda ndani ya mashamba ya mpunga.

Bahari nayo hutoa taarifa. Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko lilitokea Sumatra kabla ya saa kumi alfajiri kwa saa zetu, na mawimbi yalitufikia mchana. Saa zote hizo zilikuwa hodi. Kenya watu waliondolewa kwenye fukwe, na alifariki mtu mmoja. Somalia, ambako hakuna aliyewaambia, walikufa karibu 300. Kuhusu vimbunga, ni kweli kwamba karibu na ikweta ni nadra kuvipata, kwa kuwa mzunguko wa dunia hauvipi nguvu ya kujizungusha. Nadra haina maana ya kamwe. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na Mei 2024 kingine, Hidaya, kilifika kisiwa cha Mafia. Mvuvi anayeambiwa asitoke, asitoke.

Serikali je? Katiba ya 2010 imeipa kaunti jukumu la maafa pamoja na serikali kuu, na nimeandika habari za nyumba bila kusahau hilo. Hakuna ndoo ya karatasi itakayochukua nafasi ya boti zenye mafuta kabla ya msimu, ardhi ya juu iliyopimwa ikawa na maji na vyoo, na shule ambazo hazigeuzwi kambi miezi mitatu huku watoto wakikaa bila masomo. Vikao vya bajeti ya kaunti viko wazi kwa wananchi. Watu wa mtoni waende, na waulize boti ziko ngapi, ziko wapi, na mafuta ni ya nani. Waulize wakati wa kiangazi, kwa sababu wakati wa mafuriko kila mtu anaahidi.

Leo usiku mkimaliza kula, kabla watoto hawajalala, waulize wa nyumbani kwako maswali mawili: maji yakija tunakwenda wapi, na bibi anabebwa na nani? Mkipata majibu zaidi ya moja, msiinuke mkekani hadi mkubaliane.